Kitongoji Chini ya Wino

Vijana wangu, mtu akiwaambia kwamba kugawa nchi ni kazi ya kalamu, mtazameni nyayo. Zikiwa laini, muageni kwa adabu mkatafute mwalimu mwingine. Za kwangu hizi hapa, zimepasuka tangu enzi za Wajerumani, na kila ufa naweza kuwaambia niliupata kwenye kilima gani. Mmenijia hapa Bugene kwa sababu mnaanza kazi ya upimaji, na mmesikia kwamba mzee Abdalla ndiye aliyekuwa karani wa matetemeko. Ni kweli. Nitawaeleza ilivyokuwa, na pa kucheka mtacheka, lakini msidhani nimewakaribisha ili tucheke. Kazi ile ilinitia hofu ambayo haijaniisha mpaka leo, na si hofu ya ardhi peke yake.

Baba yangu alikuwa mtu wa pwani. Alifika Karagwe na msafara wa nguo na shanga, akaoa Mnyambo, na safari yake ikaishia hapo. Mama alifariki nikiwa sijaota hata jino moja, nikalelewa na mdogo wake, Nyamwiza, ambaye nilimwita Mama Mdogo mpaka mwisho. Baba alinifundisha kusali na kuandika. Mengine yote alinifundisha Mama Mdogo, kuanzia kumenya ndizi hadi kunyamaza wakubwa wanapozungumza. Ndiyo maana nikapata kazi: nilikuwa na kalamu ya pwani na mdomo wa Kinyambo, na mtu wa namna hiyo siku zile alitafutwa kama chumvi.

Aliyenitafuta ni mpimaji mmoja wa Kijerumani. Watu walimwita Bwana Bakuli, kwa sababu alifika na masanduku ya mabakuli yaliyofungwa kwenye majani makavu. Baba alipoyaona alidhani ni mfanyabiashara mwenzake amekuja kumharibia soko, akaenda kumuuliza bei. Yule bwana akamjibu kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba mabakuli si ya kuuzwa, ni ya kusikiliza ardhi. Baba akarudi nyumbani akaniambia nikae mbali na mtu huyo. Wiki iliyofuata nikawa karani wake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali yake ilitaka kujua ardhi inatikisika wapi, kuanzia pwani hadi huku kwetu kwenye maziwa. Alinionyesha ramani ya nchi nzima imekatwa vipande kama nyama ya Idi. Kipande chetu kilikuwa Karagwe yote, pamoja na Kyerwa mpaka Mto Kagera, nasi tulitakiwa tukikate tena mafungu manne. Kila fungu liwe na mwangalizi mmoja, bakuli moja na ubao mmoja wa vijiti. Mwangalizi aandike habari za fungu lake tu, asiguse za jirani, ili tetemeko moja lisihesabiwe mara mbili. Karatasi zije kwangu Bugene, nizipange, tarishi azipeleke Bukoba, na kutoka Bukoba ziende huko zinakokwenda.

Ninyi mna vyombo vya vioo na shaba. Sisi ubao wetu ulikuwa na vijiti saba vilivyosimamishwa wima bila kuchomekwa. Cha kwanza chembamba kama kidole cha mtoto, cha saba kinene kama mguu wa kigoda. Tetemeko dogo huangusha cha kwanza, likizidi huangusha cha pili na cha tatu. Ukiona cha nne kimelala, ujue vyungu jikoni vimekwisha kuvunjika. Bakuli nalo hujazwa maji, na ukingo wake hupakwa majivu kwa ndani. Maji yakiyumba hufuta majivu upande mmoja, nawe ukajua mtikisiko umetoka wapi. Ni vyombo vya kimaskini, lakini havikudanganya. Tuliodanganya ni sisi.

Mahali pa kuweka ubao ndipo penye kazi. Usiuweke penye udongo uliolimwa, uweke juu ya jiwe lililokita chini, ujengee kibanda na ufunge mlango. Nasi tulijifunza kwa aibu. Mwangalizi wetu wa Mtagata, kule Kyerwa kwenye chemchemi ya maji ya moto, alileta karatasi kwamba ardhi inatikisika kila asubuhi jua likichomoza, siku tano mfululizo, kijiti cha kwanza chini. Bwana Bakuli alifurahi mpaka akasahau kunywa chai. Tukafunga mizigo, tukatembea siku tatu. Kufika, tukajibanza nyuma ya mti. Asubuhi akaja mgonjwa mmoja wa kiuno, mtu wa kilo zake, amekuja kujitibu kwa yale maji. Akaoga, akatoka, akaanza kuruka juu na chini kando ya kibanda chetu ili akauke. Kijiti cha kwanza kikaanguka. Nilicheka. Bwana Bakuli alinitazama, nikaacha kucheka.

Alikuwa mtu wa kunitazama tu, na kutazama kwake kulitosha. Siku ya kwanza kabisa alinisomea sheria za kazi, na ya mwisho katika hizo ilikuwa kwamba karani atakayeficha mahali popote, hata kama ni nyumba moja, atapelekwa boma kupigwa hamsa ishirini mbele ya watu. Viboko ishirini na vitano, wanangu, vya ngozi ya kiboko. Nilishawahi kumwona mtu akipigwa. Alianza kwa kuomba, akaendelea kwa kulia, akamaliza kimya, na kile kimya ndicho kilichonifuata nyumbani. Toka siku hiyo kila nikishika kalamu nilikuwa nasikia baridi mgongoni.

Katika kuuliza watu, shikeni hili. Usimuulize mtu kama amesikia tetemeko. Atakujibu ndiyo kwa heshima tu, ili usije ukarudi bure. Muulize kibuyu cha maziwa kilikuwa kimening'inia wapi, na kiligonga nini. Muulize mlango ulijifunga au ulijifungua. Mtu hawezi kukudanganya kwa heshima kuhusu kibuyu.

Maneno hayo si yangu, ni ya Mzee Katunzi. Huyu alikuwa kiongozi wetu wa njia, Mnyambo wa Nyabiyonza, aliyepata kuwa mjumbe wa ikulu ya mfalme wetu ujanani mwake na kuyajua mapito yote. Hakujua kusoma, na hakuona kama amepungukiwa. Tulipokuwa tunapita kutafuta mipaka ya mafungu, mimi nilifuata vijito na migongo ya vilima, kwa sababu ndivyo Bwana alivyotaka na ndivyo vinavyochoreka. Mzee Katunzi aliniongoza hivyo siku mbili. Siku ya tatu akaweka fimbo yake chini mbele yangu.

"Karani, unafuata kijito kwa sababu ni rahisi kukichora," akasema. "Lakini watu wa hapa wanakivuka kila siku. Mbona huwaulizi?"

"Niwaulize nini, Mzee?"

"Uliza kila nyumba: moto wenu ukizimika, mnakwenda kuuomba kwa nani? Pale wanapoacha kuombana moto ndipo fungu lako liishie."

Siku zile viberiti vilikuwa vya Wazungu. Mwanamke alitunza kaa jikoni, na likizimika alikwenda kwa jirani na kigae au konzi ya majani makavu ya mgomba. Wala hakwenda kwa jirani yeyote tu. Nyumba unayoiomba moto ni ile itakayokuzika, na likitokea jambo la kutisha, nyumba ya kwanza kwenda kuitazama ni hiyo. Mzee Katunzi alikuwa ananipa kazi nzima kwa swali moja. Mimi nikaona ni maneno ya jikoni. Nilikuwa kijana, nina kalamu sikioni, na nilitaka Bwana anisifu.

Sasa nifike nilikokuwa naogopa kufika.

Kati ya fungu la Bugene na fungu la Nyabiyonza palikuwa na kitongoji kiitwacho Nyakabaare. Nyumba tano, vibanja vya migomba na kahawa, mbele yake kijito, nyuma yake ukuta wa mawe unaopanda mpaka mgongoni mwa kilima. Fungu la Nyabiyonza lilikuja mpaka kwenye kijito. Fungu la Bugene lilianzia juu mgongoni. Nyakabaare ilikuwa katikati, nami nilitakiwa niiingize upande mmoja, wowote. Nyumba ya tatu ukitoka kijitoni ilikuwa ya Mama Mdogo.

Nilimkuta anaanua kahawa. Nikampigia magoti kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huyo Mzungu wako hakupi chakula?"

Akanikalisha, akafungua kijaluba chake akanipa punje za kahawa za kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote kwetu. Tukatafuna. Akanitazama kalamu.

"Nasikia unaandika watu."

"Siandiki watu, Mama. Naandika mahali. Ardhi ikitikisika, tujue imetikisika wapi."

"Waliokuja kumwandika Kaijage walisema hivyo hivyo. Walisema wanaandika nyumba."

Kaijage alikuwa mwanawe wa pekee, ndugu yangu tuliyekula naye sahani moja. Aliandikwa, akabebeshwa mzigo wa msafara wa serikali kwenda Bukoba, kutoka Bukoba akapelekwa mbele, na huko mbele ndiko alikobaki. Hatukuletewa hata nguo yake.

"Hapa tuna nyumba tano na wanaume watatu," Mama Mdogo akasema. "Ukituandika watakuja. Labda si wewe, ni mwingine atakayesoma ulichoandika. Tuache, mwanangu. Jifanye hukutuona."

"Nikigundulika nitapigwa, Mama."

"Basi usigundulike."

Alisema hivyo kama mtu anayekutuma maji. Hakuwahi kuniomba kitu maishani mwake, na kunilea hakunidai. Ningemkatalia kwa mdomo gani? Nilirudi Bugene nikachora mpaka wa fungu la Nyabiyonza kijitoni na wa fungu la Bugene mgongoni, halafu nikaisogeza mistari miwili ile ikakutana, nikainenepesha kwa wino mpaka ikawa mstari mmoja mnene. Nyakabaare ikabaki chini yake.

Bwana Bakuli aliweka kidole palepale.

"Mpaka huu, kwa nini mnene?"

"Wino ulikuwa mzito, Bwana."

Akaniambia nichanganye maji siku nyingine, akatia sahihi. Mzee Katunzi alikuwa mlangoni. Bwana alipotoka, yeye akaingia, akapapasa ule mstari kwa ncha ya kidole kama anayetafuta mwiba.

"Na hapa umemfunika nani?"

Alijua. Alishakula kwa Mama Mdogo mara nyingi safarini kuliko mimi nilivyokula baada ya kuajiriwa.

Miezi ikapita, vijiti vikaanguka mara chache, na mimi nikajiona mjanja. Halafu, mwisho wa kiangazi, ardhi ikaanza.

Sijui niwaelezeje siku tatu zile. Lilianza asubuhi natawadha. Maji kwenye birika yakatetema kabla sijahisi kitu miguuni. Likapita. Likarudi mchana, likarudi jioni, madogo madogo, kila moja likituachia muda wa kusema limekwisha. Vumbi la paa lilianguka kwenye uji. Watu wakateremsha vibuyu, wakatoa mikeka nje. Sheikh wetu alichagua sura fupi kuliko zote, na hakuna aliyemlaumu. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba tuliacha kuamini kusimama. Ukisimama wima ulikuwa unasikiliza miguu yako, na miguu ikisikilizwa sana hutetemeka yenyewe, kwa hiyo hukujua ni wewe au ni ardhi. Niliogopa ndani ya nyumba na niliogopa nje.

Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, tarishi Kamugisha akafika mbio kutoka Nyabiyonza na karatasi ya mwangalizi wetu wa kule, Rwabizi. Kijiti cha nne kilikuwa kimeanguka jana jioni, na kimeanguka tena alfajiri. Bwana Bakuli alikuwa ameweka kanuni kwa hilo: kijiti cha nne kikianguka mara mbili, watu wote wanaokaa chini ya mawe waondolewe, wakae uwanjani mpaka ardhi itulie. Akaniambia niandike barua nne, moja kwa kila mwangalizi, awatoe watu wa fungu lake.

Niliandika. Barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila nikimaliza moja nilikuwa nauona ukuta wa mawe wa Nyakabaare, na nyumba ya tatu ukitoka kijitoni. Rwabizi atatoa watu mpaka kijitoni, ataishia hapo. Wa Bugene atatoa watu mpaka mgongoni, ataishia hapo. Ndivyo tulivyowafundisha, wasiguse za jirani. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha.

Bwana akatia sahihi zote nne. Kisha akaniangalia.

"Kuna mwingine?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ningesema Nyakabaare, angeuliza Nyakabaare ni wapi, ningemwonyesha, angeuona wino. Nikausikia mgongo wangu. Nikakisikia kile kimya cha yule mtu aliyepigwa.

"Hakuna, Bwana," nikasema.

Kamugisha akaondoka na barua ya Rwabizi. Njia yake ilipita karibu na Nyakabaare, unaweza kuiona ukiwa njiani. Ningeweza kumsindikiza hatua kumi nikamnong'oneza apige kelele tu akipita. Lakini Kamugisha hakuwa mtu wa kuweka siri hata ya chakula alichokula, nikaogopa atakwenda kusema ametumwa mahali pasipokuwa kwenye kitabu. Nikamwacha akaenda. Nikakaa kwenye meza yangu kuchonga kalamu ambazo zilikuwa zimechongoka.

Nilikaa hivyo mpaka adhuhuri. Nimeishi miaka mingi, nimezika wengi, lakini nikiulizwa ni wapi nilipoteza maisha yangu nitasema ni kati ya saa nne na adhuhuri siku ile, kwenye kiti, nikiwa mzima kabisa.

Niliposali nilijikuta sijui nimesali rakaa ngapi. Nikamwambia Bwana nakwenda kukagua bakuli la Rwabizi. Akanikubalia, hata akanisifu. Mzee Katunzi akanyanyuka bila kuitwa, akachukua fimbo, tukaondoka. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea tena. Kila nilipowaza kumwambia nilichofanya, nilimwona anajua.

Lilitukuta alasiri, kwenye mteremko. Kwanza sauti, kama ngoma kubwa inaburutwa chini ya udongo. Halafu njia ikanitoka miguuni. Nilianguka kifudifudi nikashika majani, na majani yalikuwa yanatikisika nayo, hakukuwa na kitu cha kushika. Niliona migomba inainama yote upande mmoja, pasipo upepo. Nilipiga shahada. Mzee Katunzi alikuwa amelala kando yangu ameshika fimbo kama mtu anayezuia ng'ombe. Lilipotulia, sauti nyingine ikaanza mbele yetu, kavu, ya mawe kugonga mawe, ikachukua muda mrefu kwisha. Vumbi likapanda nyuma ya kilima. Tulijua ni kilima gani.

Tulifika jua halijazama. Ng'ambo ya kijito, uwanjani kwa Rwabizi, watu walikuwa wamekaa chini makundi makundi. Nikavuka katikati yao nikitafuta nyuso za Nyakabaare, na nikaziona. Nikamwona jirani wa nyumba ya kwanza na watoto wake. Nikamwona wa nyumba ya pili, wa nne, wa tano, yule bibi wa macho mabovu ameshikwa mkono. Nikashukuru kwa sauti. Kumbe kuna mtu aliyekwenda kuwaita, nje ya kitabu, bila barua.

"Mama Mdogo yuko wapi?" nikauliza.

Mzee Katunzi alikuwa ameshavuka kijito kwenda upande wa Nyakabaare. Nyumba ya kwanza na ya pili zilikuwa zimelala upande. Ya tatu haikuwepo, palikuwa na mawe. Tulitoa mawe kwa mikono na majembe mpaka hatuoni, tukaendelea asubuhi, na ilipofika adhuhuri tulimtoa. Nilimwosha mimi mikono na uso, shangazi za ukoo wakaosha mengine. Akazikwa kibanjani kwake, kati ya migomba, kama walivyozikwa wa kwao.

Bwana Bakuli alifika siku iliyofuata. Akatandaza ramani juu ya jiwe moja katika yale yaliyoanguka, akatazama kijito, akatazama kilima, akatazama wino. Alielewa mwenyewe. Nilisimama mbele yake nimevua kanzu, nimebaki na shuka, kwa sababu nilikwisha kata shauri kupigwa.

"Hapa palikuwa na watu?"

"Ndiyo, Bwana."

"Ulijua?"

"Nilijua. Mmoja ni mama yangu."

Aliyatazama yale mawe. Kisha akaikunja ramani, akanipa.

"Vaa nguo," akasema. "Chora upya."

Basi. Hamsa ishirini ile niliyoiogopa sikuipata, siku ile wala siku nyingine yoyote. Nilisubiri mwaka mzima. Wanangu, nilitamani kupigwa kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji.

Nikachora upya. Safari hii nilimfuata Mzee Katunzi nyumba kwa nyumba na swali lake moja, na mafungu yakatoka na sura nyingine kabisa, yenye kona na mikia inayovuka vijito na kupanda vilima. Bwana Bakuli alilalamika kwamba ramani imekuwa mbaya. Lakini barua zilizofuata zilifika kwa kila mtu, kwa sababu kila mwangalizi alikuwa na watu ambao mkewe angekwenda kuwatazama hata kama hakuna barua. Ninyi mtapewa kamba na vyombo vizuri, mvitumie. Ila kabla ya kuchora mstari wowote, ulizeni nani humwendea nani. Na mkiwa mmeficha kitu, semeni mapema, mngali mnaogopa. Msingoje hofu iishe, maana inaweza isiishe.

Limebaki moja. Tulipofika nyumbani kwa Rwabizi na lile swali, aliyetoka mlangoni ni mkewe, Mama Koku, na ndiye aliyevuka kijito siku ile kuwaita watu wa Nyakabaare. Nilikuwa sijapata ujasiri wa kumshukuru. Nikashika kalamu, nikatazama karatasi.

"Mama, moto wenu ukizimika, mnakwenda kuomba kwa nani?"

"Tulikuwa tunakwenda kwa Nyamwiza," akasema.

Nikaandika. Hakuondoka mlangoni.

"Nilimwita, baba. Nilimwita mara mbili. Wenzake wote walinyanyuka, yeye akabaki amekaa. Akaniambia, 'Mwanangu ndiye anayetuma habari za matetemeko. Ingekuwa hatari angekwisha nitumia mtu.' Nikamshika mkono, akautoa. Alikuwa ameweka mkeka mlangoni na kijaluba cha kahawa juu yake, kwa ajili ya huyo mtu utakayemtuma."